Kuwinda kwa upinde: mutu mwenye anaanza aende wapi, na asiende wapi

Vijana wengi wa Katoyi na wa kartie zingine za Goma wanaona kwenye telefone video za watu wa Marekani, Afrika Kusini ao Namibia wenye wanawinda kwa upinde. Wengine hawana haja ya video: babu yao aliwinda kule Masisi, Walikale ao Lubero, na upinde wake ungali unatundikwa ukutani. Ulizo ni lilelile: mimi mwenye sijui kitu, nianzie wapi?

Jibu fupi ni hili. Pahali pa kwanza si pori, ni uwanja wa shabaha. Na kwa mukaaji wa Goma, pori la karibu zaidi ndilo pori ambamo hapaswi kuingia na upinde hata siku moja. Hapa chini tunaeleza sababu, tunaonyesha sheria inasema nini, na tunatoa maulizo yenye kila mutu anapaswa kujiuliza mbele ya kubeba mishale.

Upinde hauna makelele, lakini ni silaha

Mushale hauui kama risasi. Risasi inavunja na kuangusha. Mushale unakata, na munyama anakufa juu ya kupoteza damu. Kwa hiyo muwindaji anapaswa kumukaribia sana munyama. Wenye uzoefu wengi wanapenda kupiga chini ya metre 30. Mutu mwenye anaanza asipite metre 15. Anatafuta kupiga mapafu na moyo, nyuma kidogo ya muguu wa mbele, wakati munyama amesimama ubavu.

Hata ukipiga vizuri, munyama haanguki palepale. Anakimbia. Desturi ya wawindaji ni kungoja nusu saa ao zaidi, kisha kufuata damu polepole. Ukimukimbilia palepale, na yeye anazidi kukimbia. Kama ulipiga vibaya, anaweza kwenda mbali sana na kidonda, afie huko, na hakuna mutu atakula ile nyama.

Hapo ndipo neno la pahali linaingia. Muwindaji wa upinde hachagui tu pahali pa kusimama. Anachagua pia pahali pote munyama mwenye kidonda anaweza kukimbilia. Hapa kwetu, kufuata damu kwa saa moja kunaweza kukupeleka ndani ya parke, ndani ya shamba la mutu, ao mbele ya watu wenye silaha. Damu ya munyama haijui mupaka, na wewe ndiye utaulizwa.

Pori lenye tunaona kutoka Katoyi ni parke

Ukisimama Katoyi, komine ya Karisimbi, na kuangalia kaskazini, unaona Nyiragongo, mulima wa metre 3,470. Ule mulima uko ndani ya Parke ya Virunga, sawa na jirani yake Nyamulagira. Ukipanda barabara ya Rutshuru, pale Kibati ndipo watalii walikuwa wanaanzia safari ya kupanda volkano. Upande wa magharibi, kati ya Mugunga na Sake, kuko vichaka vyenye viliota juu ya mawe ya volkano. Mutu mugeni anaweza kufikiri ni pori la bure, lakini sehemu yake iko ndani ya parke.

Parke hii ilianzishwa tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, na iliitwa Parke Albert. Ina karibu kilomita mraba 7,800, kuanzia karibu na Goma mpaka upande wa Beni na mulima Ruwenzori. UNESCO iliiandika kuwa urizi wa dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikaiweka katika orodha ya urizi wenye uko hatarini. Inasimamiwa na ICCN, shirika la serikali lenye kuchunga parke zote za Kongo.

Ndani ya parke hakuna uwindaji wa aina yoyote. Haijalishi kama ni bunduki, mutego wa kamba, mbwa ao upinde wa babu. Haijalishi pia kama ulikuwa unatafuta simbiliki moja tu ya kupika nyumbani.

Kuko sababu ingine ya kuogopa, na inafaa tuiseme wazi. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekwisha kuuawa kazini. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa siku moja, pamoja na dereva moja na raia wanne. Mulinzi mwenye ameona wenzake wakianguka hivyo, akikutana na mutu mwenye kujificha kichakani na silaha mukononi, hatangoja kujua kama mushale ulikuwa wa mboloko. Makundi yenye silaha yenye kuzunguka ndani ya parke nayo hayatakuuliza permi. Kijana anaweza kupoteza maisha juu ya nyama ya siku moja.

Sheria inasema nini

Sheria mbili ndizo za kujua. Ya kwanza ni sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982, yenye inapanga mambo ya uwindaji katika inchi yote. Ya pili ni sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014, juu ya kulinda viumbe na mazingira.

Kwa ufupi:

- Wanyama wa pori si mali ya mutu mwenye anawaona wa kwanza. Kuwinda kunahitaji ruhusa yenye watu wanaita permi. Kuko permi za aina mbalimbali: za uwindaji wa michezo, za watalii, za watafiti, na kuko yenye ilipangwa kwa ajili ya watu wa vijijini, permi rirali.
- Wanyama wenye kulindwa kabisa hawapigwi hata na mutu mwenye ana permi. Kati yao kuko sokwe wa milimani, sokwe mutu na okapi. Kakakuona naye amelindwa: tangu mwaka 2017 biashara yake kati ya inchi imekatazwa duniani.
- Kuwinda kwa sumu, kwa kuchoma pori, ao kwa kumulika wanyama usiku kumekatazwa. Watu wa zamani walitia sumu ya miti kwenye mushale. Leo, hata ukijua kuitengeneza, sheria haikuruhusu.
- Wakubwa wa serikali wanaweza kufunga uwindaji kwa kipindi fulani, ili wanyama wazae.

Kwa kawaida mutu anaenda kuuliza kwenye ofisi ya Mazingira ya jimbo ao ya teritware. Lakini tangu mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na serikali ya jimbo yenye kutambuliwa na Kinshasa inafanyia kazi Beni. Maana yake kwa muwindaji ni hii: karatasi yenye ilitolewa upande moja inaweza kukataliwa upande mwingine. Na pori halina alama yenye inaonyesha upande moja unaishia wapi.

Majina yenye yanadanganya

Watu wengi wanapotea juu ya majina. Tuyapange.

Parke ya taifa: hakuna kuwinda. Kwetu mashariki ni Virunga, Kahuzi-Biega upande wa Kivu ya Kusini, na Maiko kati ya Kivu ya Kaskazini, Maniema na Tshopo. Hizi mbili za mwisho zilianzishwa mwaka 1970.

Domeni ya uwindaji: jina linafanya mutu afikiri kwamba ni pahali pa kuwinda kwa uhuru. Sivyo. Ni eneo lenye serikali imetenga, na uwindaji wake unapita tu kwa ruhusa. Domeni ya Rutshuru inapakana na Virunga, na eneo lile limeona vita kwa miaka mingi. Jina lake lisikuvute kwenda.

Rezeve: kila moja ina kanuni zake. Ya Okapi, kule Ituri, ilianzishwa mwaka 1992 na ina karibu kilomita mraba 13,700. Watu wanaishi ndani yake, na wenyeji wanaruhusiwa kuwinda kwa njia za asili wanyama wenye hawalindwi, katika sehemu zenye zilitengwa. Ile ruhusa ni ya wenyeji juu ya maisha yao. Si ya mugeni mwenye anatoka Goma na upinde wa kununua. Itombwe, Kivu ya Kusini, nayo ni rezeve tangu mwaka 2006, na watu wanaishi ndani yake.

Pori la kijiji: ni pori lenye halimo katika parke wala rezeve. Hata hapo kuko mwenyewe. Shefu wa lokalite, shefu wa grupema na familia zenye udongo wanajua kila kilima. Kuingia bila kuwaona ni kosa mbele ya desturi, hata kama una karatasi ya serikali mufukoni.

Wenye wanajua upinde

Kama unataka kujua upinde wa msitu ni nini, angalia Ituri. Wambuti wenye wanaishi upande wa Epulu wanajulikana zaidi kwa nyavu: familia nzima inatoka, wanaume wanapanga nyavu, wanawake na watoto wanafukuza wanyama. Waefe, wenye wanaishi upande wa kaskazini karibu na Walese, ndio watu wa upinde. Wanaingia msituni kundi, mbwa wanafukuza mboloko, na kila mwanaume anasimama pahali pake akingoja. Mutoto anaanza na upinde mudogo, anapiga matunda na ndege, miaka mingi mbele ya kupiga munyama mukubwa. Hakuna mwenye anakuwa muwindaji kwa wiki mbili.

Mambo ya Batwa wa Kahuzi-Biega yanatufundisha lingine. Walikuwa wanaishi na kuwinda mule mbele ya parke kuundwa. Miaka ya 1970 walifukuzwa. Wengi walibaki pembeni, pasipo udongo wao. Mwezi wa 7 mwaka 2024, Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba Kongo ilivunja haki za ile jamii. Mbele ya hapo, tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2022, inchi ilipata sheria namba 22/030 juu ya kulinda haki za watu wa asili.

Kwa hiyo, kijana wa muji mwenye anataka kujifunza kwa Mutwa ao Muefe ajue anaongea na nani. Ni mwalimu mwenye alinyanganywa darasa lake. Aombe kwa heshima, alipe kazi yake, na asimutume kuingia parke kumuletea nyama. Kumutuma ni kumupeleka gerezani pahali pako.

Maulizo sita mbele ya kuchagua pahali

Mutu mwenye ana upinde na bado anataka kuenda, akae chini kwanza na ajibu haya:

1. Hapa ni pa nani? Jina la shefu, jina la mwenye udongo. Kama haujui jina, haujafika.
2. Mupaka wa parke ao rezeve uko mbali kiasi gani? Kama munyama mwenye kidonda anaweza kuuvuka, pahali hapo hapafai.
3. Nani ana silaha huku? Uliza wakaaji, uliza walimaji, uliza motari wa ile barabara. Kama wanasema "leo ni hawa, kesho ni wale", rudi.
4. Kulipiganiwa hapa? Pahali pa vita panabaki na mabomu yenye hayajapasuka. Muwindaji anaacha njia na kutembea kichakani, na hapo ndipo yanapatikana. Usiguse chuma yoyote yenye haujui.
5. Nitarudi namna gani, na nani anajua niko wapi? Usiende peke yako. Acha nyumbani jina la kijiji na saa ya kurudi.
6. Nitavaa nini? Nguo yenye kufanana na ya jeshi ni hatari kwa raia. Hapa kwetu ile rangi ya kijani yenye madoa haikufichi, inakushitaki.

Ukikosa jibu la ulizo moja, pahali hapo si pako kwa sasa. Kwa maoni yetu, leo hakuna pori karibu na Goma lenye linaweza kujibu yote sita. Tunasema hivyo wazi ili mutu asipoteze pesa ya safari, wala kitu kikubwa zaidi.

Anza na shabaha

Kazi ya miezi ya kwanza inaweza kufanyika pasipo kuua kitu. Lakini si ndani ya parseli za Katoyi. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zinakaribiana, na watoto wako kila njia. Mushale unaweza kupenya mbao nyembamba ao shitingi. Tena udongo wetu ni mawe ya volkano: mushale ukigonga jiwe unavunjika, ao unaruka upande wenye haukutarajia.

Tafuta uwanja wazi wenye una ukuta wa udongo ao kilima nyuma yake. Omba ruhusa ya mwenye uwanja na julisha shefu wa kartie, juu watu wakiona silaha wataogopa. Beba upinde ukiwa umefungwa katika gunia, mishale mbali nayo.

Shabaha yenyewe ni rahisi. Jaza gunia na majani makavu ao vitambaa vya zamani, vikandamizwe sana, kisha uchore duara la ukubwa wa sahani. Kanuni za kufuata ni hizi:

- Simama metre 10. Usiongeze mbali mpaka mishale mitano kati ya mitano iingie ndani ya duara, siku nyingi mufululizo.
- Usivute upinde na kuuachilia pasipo mushale. Unaweza kupasuka mukononi mwako.
- Usipige mushale juu hewani. Haujui utaanguka juu ya nani.
- Watu wote wakae nyuma ya mupigaji. Hakuna kwenda kuchomoa mishale mpaka kila upinde uko chini.
- Angalia kila mushale mbele ya kuupiga. Wenye ufa, vunja utupe.
- Anza na upinde mulaini. Kijana mwenye anavuta upinde muzito akitetemeka anajifunza kutetemeka.

Mutu mwenye amefika metre 15 na mishale yake yote inakaa pamoja, hata bila kuwinda, amekwisha kupata ufundi. Upigaji wa shabaha kwa upinde ni muchezo wa Olimpiki. Hauna haja ya damu ili uwe na maana.

Kuvuka mupaka: kuangalia na kujifunza

Wenye wana njia ya kusafiri wanaweza kuona upinde kwa majirani. Rwanda, karibu na Kinigi upande wa Musanze, kuko kijiji cha utamaduni ambamo watu wenye zamani waliwinda ndani ya parke wanaonyesha ufundi wao, na mugeni anajaribu upinde. Uganda, upande wa Kisoro, Batwa wenye walitolewa katika misitu ya Mgahinga na Bwindi mwaka 1991 wanatembeza wageni na kuonyesha namna babu zao waliwinda. Hakuna munyama anapigwa.

Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, Wahadza wangali wanaishi na upinde, na wageni wanawafuata asubuhi. Pinde zao ni ngumu sana kuvuta. Wageni wengi wenye nguvu wanashindwa. Kenya ilifunga uwindaji wa michezo mwaka 1977, na ungali umefungwa. Huko Wawaata, wenye walijulikana kwa kupiga tembo kwa upinde mukubwa, walijikuta majangili ndani ya inchi yao kisha Parke ya Tsavo kuundwa mwaka 1948. Historia yao inafanana na ya Batwa wetu.

Mukononi mwako kuko damu

Neno la mwisho ni afya. Jimbo letu halijasahau Ebola: ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikamalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, na kuua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Virusi vya aina hii vinaweza kutoka kwa munyama wa pori na kuingia kwa mutu, zaidi sana wakati wa kuchinja. Mwezi wa 4 mwaka 2025, viboko karibu 50 walikufa katika Virunga, upande wa muto Ishasha, juu ya kimeta. Ule ugonjwa unaua watu pia.

Kwa hiyo: munyama mwenye umekuta amekufa, usimuguse. Mwenye anatembea kama mulevi ao haogopi watu, usimupige. Usichinje ukiwa na kidonda mukononi. Nyama iive kabisa.

Na kama shida yako ya kweli ni nyama ya watoto, si upinde, basi njia fupi haipiti porini. Kobai, wenye wengine wanaita dende ao simbilisi, wanafugwa ndani ya nyumba, wanakula majani na maganda, na wanazaa mara nyingi kwa mwaka. Jike moja na dume wanagharimu kidogo kuliko mishale na safari. Upinde wa babu unaweza kubaki ukutani mpaka amani irudi, na mutoto akajifunza kuuvuta mbele ya gunia la majani.